Kireno Kilifikaje Huko Kote? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, lugha ya ofisini ni Kireno. Ukivuka bahari ya Atlantiki hadi Salvador da Bahia, ni Kireno. Ukienda Dili, kaskazini mwa Australia, katiba nayo iko kwa Kireno. Maelezo ya kawaida ni kwamba mabaharia wa Lisbon waliibeba lugha hiyo melini, kisha wakoloni wakawafundisha watu. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili ina walakini mkubwa, hasa kwa Afrika, na ndiyo maana majibu mengine hapa chini ni marefu kuliko mengine.

Kireno ni lugha rasmi ya nchi zipi?

Ureno, Brazili, Angola, Msumbiji, Guinea-Bissau, Cabo Verde, São Tomé na Príncipe, na Timor ya Mashariki. Ongeza Makau, ambako kinakaa pamoja na Kichina, na Guinea ya Ikweta, ambayo tutaizungumzia mwishoni kwa sababu kisa chake kinachekesha kidogo. Sensa ya Brazili ya 2022 ilihesabu watu milioni 203. Ureno yenyewe ina watu kama milioni 10. Yaani kwa kila Mreno mmoja, kuna Wabrazili ishirini.

Nchi ndogo kiasi hicho iliwezaje kufika mbali namna hii?

Haikushika nchi, ilishika bandari. Wakati Vasco da Gama anaondoka Lisbon mwaka 1497, Wareno wote hawakufika milioni 2, na watu wa kujaza mabara walikuwa hawapo. Walianza na Ceuta, Afrika ya Kaskazini, mwaka 1415. Wakafuata visiwa visivyo na watu: Madeira, Azores, Cabo Verde, São Tomé. Huko hakukuwa na lugha ya kushindana nayo, kwa hiyo Kireno, au krioli, yaani lugha ya mchanganyiko, iliyozaliwa kutokana nacho, ndiyo ikawa lugha ya mahali.

Baada ya hapo ni ngome moja moja kwenye njia ya biashara: Elmina 1482, Sofala 1505, Goa 1510, Malacca 1511, Hormuz 1515, Makau 1557. Kila ngome ilikuwa na wanajeshi, mapadri, wafanyabiashara, na mara nyingi wahalifu waliohukumiwa uhamisho, ambao Lisbon iliona heri iwapakie melini kuliko kuwalisha gerezani. Pwani ya Guinea walikuwako pia watu walioitwa *lançados*, Wareno waliojitosa bara kwa hiari yao, wakaoa, wakafanya biashara bila kibali cha mfalme. Serikali iliwachukia. Kwa upande wa lugha, watu hao walifanya kazi kubwa kuliko gavana yeyote, maana watoto wao ndio waliokuwa wakalimani na madalali wa kizazi kilichofuata.

Ni kweli mfalme wa Kongo aliandika barua kwa Kireno?

Kweli, na ni mapema sana. Diogo Cão alifika mdomo wa mto Kongo mnamo 1483, na mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa. Mwanawe, Mvemba a Nzinga, anayejulikana kama Afonso wa Kwanza, alitawala hadi miaka ya 1540, akajenga shule katika mji wake mkuu na kuandikiana na wafalme wa Ureno kwa lugha yao. Barua zake za 1526 zinalalamika kwamba wafanyabiashara wa Kireno wananunua na kuiba watu wake, hata wana wa ukoo wa kifalme. Mtoto wake Henrique alisoma Ureno na mwaka 1518 akateuliwa kuwa askofu.

Hapa hakuna mkoloni aliyemlazimisha mtu. Ni dola ya Kiafrika iliyojichukulia lugha na maandishi kwa ajili ya siasa zake. Mtindo huo tutaukuta tena karne nne na nusu baadaye, mahali tofauti kabisa.

Wareno walikaa pwani yetu karibu miaka 200. Kwa nini hatuzungumzi Kireno?

Swali zuri, na jibu lake linasaidia kuelewa mengine yote.

Da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Wareno walirudi kwa muda mfupi 1728, wakatolewa tena mwaka uliofuata.

Katika muda wote huo Wareno waliokaa Mombasa, Pate, Faza au Zanzibar walikuwa wachache mno. Walitaka ushuru wa meli, dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu. Hawakuhamishia familia zao, na nje ya ngome na nyumba za watawa hawakuwa na kitu cha kumfanya mtu wa mjini aache lugha yake. Kiswahili tayari kilikuwa lugha ya soko. Mtoto alisoma chuoni kwa herufi za Kiarabu. Dini, ndoa na biashara vilielekea Arabuni na Gujarati. Mtu ajifunze Kireno cha nini, kama si kumjibu mtoza ushuru?

Mtu aliyefundishwa vizuri zaidi kuliko wote ndiye aliyewageuka. Yusuf bin Hasan, mtoto wa mtawala wa Mombasa aliyeuawa kwa njama za Wareno, alipelekwa Goa, India, akiwa mdogo, akalelewa na watawa wa Kiaugustino, akabatizwa Jerónimo, akajua kusoma na kuandika Kireno. Walimrudisha Mombasa kuwa mtawala. Agosti 1631 aliingia Ngome ya Yesu, akamuua kamanda, na Wareno wa mji mzima wakafuata.

Kilichobaki ni maneno ya vitu: meza, bendera, leso, karata, turufu, mvinyo. Na gereza, ambalo asili yake kwa Kireno ni kanisa.

Lakini nimesikia Kireno kiliwahi kuwa lugha ya biashara ya Asia nzima?

Ndiyo, na kiliendelea hata baada ya Wareno kufukuzwa. Waholanzi waliiteka Malacca mwaka 1641 na kumaliza kuwatoa Wareno Sri Lanka mwaka 1658, wakakuta kwamba mabaharia, watumwa, wake na yaya wa bandari zote wanazungumza Kireno kilichorahisishwa. Batavia (Jakarta ya leo), makao makuu ya Waholanzi yenyewe, ilijaa lugha hiyo. Biblia ya kwanza ya Kiprotestanti kwa Kireno ni kazi ya João Ferreira de Almeida, aliyeishi na kufanya kazi Batavia. Agano Jipya lake lilichapwa Amsterdam mwaka 1681. Na wamisionari wa Kilutheri walipotua Tranquebar, kusini mwa India, mwaka 1706, walianza kwa kujifunza Kireno ili waweze kuongea na watu wa bandarini.

Mpaka leo Malacca ina jamii ndogo ya Wakristang wenye krioli yao, na Batticaloa, Sri Lanka, ipo nyingine. Linganisha na Mombasa: kule wanaume wa Kireno walihimizwa waoe wenyeji na wakazaa jamii iliyoishi bandarini kizazi baada ya kizazi. Kwetu hilo halikutokea kwa kiwango cha maana.

Brazili ilikuwaje nchi ya Kireno?

Kwa kuchelewa. Pedro Álvares Cabral alifika 1500, miaka sita baada ya mkataba wa Tordesillas kugawa dunia kati ya Ureno na Uhispania kabla ya wagawaji kujua wanachogawa. Kwa karibu miaka 200 iliyofuata, maeneo mengi ya Brazili, hasa São Paulo na Amazoni, yalitumia lugha iliyotokana na Kitupi, iliyoitwa *língua geral*, yaani lugha ya wote. Wajesuti waliitumia kuhubiri, na padri José de Anchieta alichapisha sarufi ya Kitupi mwaka 1595. Mtoto wa Mreno na mama mwenyeji alikua akizungumza lugha ya mama.

Mambo matatu yaligeuza hali. La kwanza ni dhahabu ya Minas Gerais, iliyogunduliwa miaka ya 1690. Wareno walimiminika kwa maelfu, kiasi kwamba Lisbon ilijaribu kuwazuia wasihame.

La pili ni amri. Mwaka 1757 serikali ya Marquis wa Pombal, waziri mwenye nguvu wa Ureno, ilitoa mwongozo uliopiga marufuku *língua geral* katika vijiji vya wenyeji na kulazimisha Kireno. Mwaka 1759 Wajesuti, walinzi wakubwa wa lugha hiyo, walifukuzwa.

La tatu ndilo zito kuliko hayo mawili, ingawa vitabu vya shule huliruka: Waafrika. Takriban watu milioni 5 walipelekwa Brazili kama watumwa, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika. Walitoka Angola, Kongo, pwani ya Benin, na baadaye Msumbiji. Mtu wa Kimbundu na mtu wa Kiyoruba walipofungwa shamba moja la miwa, hawakuwa na lugha ya pamoja ila ile ya bwana shamba. Walijifunza kwa kusikiliza, wakafundishana wao kwa wao, wakalea watoto wao kwayo, na wakawalea watoto wa mabwana pia. Wapo wataalamu wa Brazili wanaoshikilia kwamba waliosambaza Kireno nchini humo hasa ni Waafrika na wazao wao. Mimi naona hoja hiyo ni vigumu kuipinga, kwa sababu kwa muda mrefu wao ndio waliokuwa wengi. Ndiyo sababu Mbrazili humwita kitinda mimba *caçula*, neno la Kimbundu, na wala halioni kuwa geni.

Mwaka 1808 familia ya kifalme ilikimbilia Rio de Janeiro ikimkwepa Napoleon, na kwa mara ya kwanza koloni hilo likaruhusiwa kuwa na mitambo ya kuchapa. Uhuru ulikuja 1822. Utumwa ulidumu mpaka 1888. Ile lugha ya Amazoni haikufa: inaitwa Nheengatu, na tangu 2002 ni mojawapo ya lugha rasmi za manispaa ya São Gabriel da Cachoeira.

Na Angola na Msumbiji? Si walitawaliwa miaka 500?

Hiyo miaka 500 ni hesabu ya propaganda. Luanda ilianzishwa mwaka 1576, ni kweli, lakini mpaka Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 Wareno walishika ukanda wa pwani, njia chache za biashara na bonde la Zambezi. Na pale Zambezi, walipopewa mashamba makubwa yaliyoitwa *prazo*, lugha ilikwenda upande wa pili: wajukuu wa Wareno na Wagoa walioa humo humo, wakawa na majeshi yao ya Wachikunda, wakazungumza lugha za bonde na kutawala kama machifu.

Baada ya Berlin, Ureno haikuwa hata na fedha ya kutawala ilichodai. Kaskazini mwa Msumbiji, jirani zetu wa Cabo Delgado na Niassa walikabidhiwa kwa Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati 1891 na kudumu hadi 1929. Kampuni ilikusanya kodi ya kichwa na kuwapeleka watu kwenye kazi za shuruti. Shule haikuwa sehemu ya biashara yake. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kuja kukata mkonge Tanganyika, na huku wakajifunza Kiswahili.

Wakoloni walifundisha Kireno kwa watu wangapi?

Wachache wa aibu. Sheria iliwagawa Waafrika wa makoloni hayo mafungu mawili: wenyeji, ambao ndio karibu wote, na *assimilado*, walioruhusiwa kuhesabiwa kama raia. Ili uwe *assimilado*, ulipaswa kuzungumza Kireno sawasawa, uwe na kipato, uwe na mwenendo uliokubalika machoni pa utawala. Kufikia miaka ya 1950 waliovuka kichujio hicho hawakufika hata asilimia 1 ya watu. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1961, vita vya ukombozi vilipolipuka Angola.

Kichekesho ni kwamba serikali hiyohiyo ilikuwa kali sana kuhusu lugha. Mwaka 1921 kamishna mkuu wa Angola, Norton de Matos, alipiga marufuku lugha za Kiafrika katika shule za misheni, ila kwa mafundisho ya dini. Mwaka 1940 Lisbon na Vatikani zilikubaliana kwamba elimu ya wenyeji iwe mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Lugha ikafanywa sharti la kuwa mtu, halafu mlango wa kuipata ukafungwa. Elimu ya chuo kikuu ilianzishwa Luanda na Lourenço Marques (Maputo ya leo) mwaka 1962 tu, na wanafunzi wengi walikuwa watoto wa walowezi. Msumbiji ilipopata uhuru 1975, zaidi ya asilimia 90 ya watu hawakujua kusoma wala kuandika.

Basi nani aliyekieneza?

Waliompiga Mreno.

FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 chini ya Eduardo Mondlane. Ilikusanya Wamakonde na Wamakua wa kaskazini, watu wa Zambezi, na Wachangana wa kusini, ambao hawakuwa na lugha moja ya kuelewana. Uongozi ulichagua Kireno. Kilifundishwa katika Taasisi ya Msumbiji jijini Dar, katika shule za Bagamoyo na Tunduru, na katika kambi ya Nachingwea, ambako Samora Machel aliwafunza wapiganaji. Maelfu ya vijana wa Cabo Delgado walijifunza Kireno kwenye ardhi ya Tanzania, bunduki mkononi, wakijiandaa kumtoa Mreno. Amílcar Cabral, aliyeongoza mapambano ya Guinea-Bissau na Cabo Verde, alikuwa na msimamo kama huo: aliwaambia wanachama wake kwamba lugha ni chombo, na Kireno ni miongoni mwa vitu vichache vizuri walivyoachiwa na mkoloni.

Baada ya uhuru zikaja kampeni za kufuta ujinga, redio, jeshi la taifa, shule za kila wilaya, yote kwa Kireno. Sensa ya Msumbiji ya 1980 ilionyesha mtu mmoja tu hivi kati ya mia ana Kireno kama lugha ya kwanza, na takriban robo ya watu wanakijua. Kufikia sensa ya 2017, wenye Kireno cha nyumbani walikuwa karibu asilimia 17, na wanaokijua karibu nusu. Hayo ni matunda ya miaka 42 ya uhuru.

Angola ilikwenda mbali zaidi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1975 hadi 2002, viliwakimbiza mamilioni kutoka mashambani hadi Luanda. Mwenye Kiumbundu akapanga chumba ukuta mmoja na mwenye Kikongo, watoto wakacheza pamoja kwa Kireno, na nyumbani wazazi wakawafuata. Sensa ya 2014 ilikuta asilimia 71 ya Waangola wanazungumza Kireno nyumbani.

FRELIMO ilikuwa Dar. Kwa nini haikuchagua Kiswahili?

Kwa sababu kingeonekana ni cha kaskazini. Pwani ya Cabo Delgado wapo Wamwani, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na Wamakonde wengi walikijua. Lakini Mondlane na Machel walitoka Gaza, kusini kabisa, na kwa watu wa huko Kiswahili kilikuwa kigeni kama Kichina. Kuchagua lugha ya upande mmoja kungechochea ugomvi ambao chama tayari kilikuwa nao wa kutosha miaka ya 1968 na 1969. Kireno hakikuwa cha kabila lolote. Porini, hata hivyo, Kiswahili kilifanya kazi yake, na makamanda wengi walirudi nacho nyumbani. Joaquim Chissano, rais wa Msumbiji wakati huo, aliwashangaza wenzake kwenye kikao cha Umoja wa Afrika, Addis Ababa, mwaka 2004, alipohutubia kwa Kiswahili na wakalimani wakabaki kimya.

Cabo Verde na Guinea-Bissau wanazungumza Kireno kweli?

Ofisini na darasani. Nyumbani, sokoni na kwenye muziki ni krioli.

Goa na Makau je?

Goa ilitawaliwa miaka 451, mpaka jeshi la India lilipoingia Desemba 1961, na bado watu wake wengi walibaki na Kikonkani. Kireno kilikuwa cha familia za juu na cha ofisi. Mgoa aliyetafuta maisha alikwenda Bombay au Afrika ya Mashariki, kwenye himaya ya Mwingereza, na huko kilichompa kazi ya ukarani ni Kiingereza. Ndiyo maana Wagoa wa Mombasa, Nairobi na Zanzibar walikuja na majina ya Fernandes, Pereira na de Souza, kanisa lao na muziki wao, ila Kireno chenyewe waliokuja nacho ni wachache.

Makau ilirudishwa China tarehe 20 Desemba 1999. Kireno kipo kwenye vibao vya mitaa na katika sheria. Mtaani ni Kikantoni.

Timor ya Mashariki iliwezaje kukirudia Kireno baada ya kutawaliwa na Indonesia?

Kwa sababu Indonesia ilikipiga marufuku. Ilivamia tarehe 7 Desemba 1975, siku tisa baada ya tangazo la uhuru, na Kireno kikabaki lugha ya viongozi wa upinzani msituni na ya wakimbizi waliopigania nchi yao nje. Uhuru ulipopatikana tarehe 20 Mei 2002, katiba ilitaja lugha rasmi mbili, Kitetum na Kireno. Vijana waliosomeshwa kwa Kiindonesia hawakufurahi, na walikuwa na haki ya kulalamika: walijikuta wageni katika ofisi za nchi yao.

Na hiyo Guinea ya Ikweta?

Ni koloni la zamani la Uhispania. Ilitangaza Kireno kuwa lugha yake rasmi ya tatu, kisha mwaka 2014 ikapokelewa katika Jumuiya ya Nchi Zinazozungumza Kireno, iliyoundwa Lisbon mwaka 1996. Wanaokizungumza ni wa kutafuta kwa tochi, ingawa kisiwa chake cha Annobón kina krioli yenye asili ya Kireno. Mafuta yana ushawishi.

Nikitaka kujifunza Kireno, nijifunze cha wapi?

Inategemea unakokwenda. Masomo mengi ya mtandaoni ni ya Kibrazili, na kwa sikio la Mswahili ni mepesi kwa sababu irabu hutamkwa wazi. Msumbiji na Angola huandika na kufundisha kwa kufuata Ureno, ingawa tamthilia za Brazili zimewazoesha watu wote lafudhi ile. Maneno ya safari ndiyo hukuumbua kwanza: basi ni *ônibus* Brazili, *autocarro* Ureno, na *machimbombo* Maputo na Luanda. Daladala ya Msumbiji ni *chapa*, ya Angola ni *candongueiro*. Kama biashara yako ni ya Nampula au Maputo, tafuta mwalimu Mmsumbiji. Kama ni ya pwani ya Cabo Delgado, anza na salamu za Kiswahili, Kireno weka cha kujazia fomu.